Je, wajua zebaki huingiaje ndani ya tyubulaiti isiyo na mlango?

Muhula uliopita fundi umeme alikuja kubadilisha tyubulaiti katika darasa la kidato cha tatu, hapa Dodoma mjini. Aliposhuka ngazi aliiegemeza ile iliyokufa ukutani, akawaonya wanafunzi wasiichezee kwa kuwa ina zebaki ndani. Binti mmoja akainama na kuikagua kutoka ncha hii hadi ncha ile, kisha akanigeukia. "Mwalimu, mbona haina tundu hata moja? Hiyo zebaki iliingilia wapi?"

"Imetoka nayo kiwandani," fundi akamjibu. Ni kweli, lakini jibu hilo halikumtosha yule binti, na mimi pia halikunitosha. Siku ile nilimweleza nusu tu kabla kengele haijalia. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Kwanza tujue zebaki imo humo kwa kazi gani. Ndani ya bomba lile la kioo hakuna waya unaowaka kama kwenye balbu ya zamani. Umeme hupita katikati ya gesi, kutoka ncha moja hadi nyingine. Atomu za zebaki zikigongwa na elektroni hutoa mwanga wa urujuanimno, hasa wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254, ambao jicho haliuoni. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huupokea na kuugeuza kuwa mwanga tunaousomea. Gesi nyingine iliyomo, agoni, kazi yake kubwa ni kurahisisha kuwaka na kuzilinda nyuzi za ncha zote mbili zisiliwe upesi. Kwa hiyo bila zebaki umebaki na bomba lisilo na faida.

Sasa turudi kwenye mlango. Mlango ulikuwepo.

Fikiria kibuyu. Kabla ya kutia maziwa, unatoa mbegu, unasuuza, unakausha, na yote hayo hupitia shingo moja nyembamba. Tyubulaiti nayo huzaliwa na shingo. Bomba la kioo huoshwa, hupakwa ule unga, huokwa ili unga ushike, halafu kila ncha huzibwa kwa kipande cha kioo kilichobeba uzi wa tangsteni uliosokotwa. Katikati ya kipande hicho huachwa kijibomba cha kioo, chembamba kama mrija wa soda. Humo ndimo hewa hutolewa, na humo ndimo vitu vinavyotakiwa huingizwa.

Kutoa hewa si kazi ya kufyonza mara moja ikaisha. Hewa ya hapa Dodoma, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo, yaani msukumo, ya kuinua safu ya zebaki kwa milimita kama 665. Kule pwani ni 760. Ndani ya tyubulaiti iliyokamilika inatakiwa milimita 2 au 3 tu, tena za agoni safi. Mvuke wa maji ulioganda kwenye kioo, oksijeni iliyojificha katika unga, vyote ni adui. Ndiyo maana bomba huvutwa hewa likiwa ndani ya tanuri, kwenye joto la mamia ya nyuzi, ili kila kilichonata kibanduke na kuondoka na pampu. Wakati huohuo nyuzi za tangsteni hupitishiwa umeme. Zimepakwa lahamu nyeupe ya kabonati za bariamu, strontiamu na kalisiamu, na zikipata moto kabonati hizo hugeuka oksaidi na kutoa hewa ukaa. Oksaidi ndizo zinazoachia elektroni kwa urahisi taa inapowashwa. Na hewa ukaa ile lazima nayo itoke kwa njia ileile ya kijibomba kabla hakijafungwa.

Mwisho huingizwa agoni, moto mkali hukiyeyusha kijibomba, kioo hujifunga chenyewe na kukatika. Kinachobaki ni kincha kidogo, ambacho kofia ya bati yenye pini mbili hukifunika. Binti yule asingeweza kukiona hata angetafuta mpaka jioni.

Na zebaki? Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo mimi huvutiwa zaidi.

Kwa miaka mingi viwanda vilifanya lile ambalo mtu yeyote angelifikiria kwanza: vilidondosha tone la zebaki kupitia kijibomba, muda mfupi kabla ya kukifunga. Lakini zebaki ni kitu kisichotulia. Hujikunja kuwa vitone na kukwama njiani. Bomba lenyewe bado ni la moto, na zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi lakini huanza kutoa mvuke mapema kabla ya hapo, sehemu yake huvutwa na pampu kabla mlango haujafungwa. Mvuke mwingine huishia katika mapafu ya wafanyakazi walio karibu na mashine. Kwa kuwa haikujulikana ni kiasi gani kingefika salama, dawa ikawa kuzidisha. Ndiyo maana tyubulaiti nene za zamani zilibeba makumi ya miligramu za zebaki kila moja.

Niliwahi kupiga hesabu hii na wanafunzi ubaoni. Tyubulaiti ya futi nne, ile nyembamba kidogo, ina nafasi ya karibu nusu lita ndani. Mwanga wake huwa mzuri zaidi pale sehemu yake iliyo baridi kuliko zote inapofika kama nyuzi 40, na kwenye joto hilo mvuke wote wa zebaki uliomo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu. Sisi tulipata karibu miligramu 0.03. Taa za kisasa hutiwa miligramu 3 hadi 5 hivi, mara mia ya hiyo au zaidi, kwa sababu zebaki hupotea kidogo kidogo taa inavyotumika: nyingine hunaswa na unga, nyingine huzama kwenye kioo, nyingine huungana na oksaidi zinazoruka kutoka kwenye nyuzi. Kile cha ziada ni akiba ya safari ya maelfu ya saa.

Miligramu 3 za zebaki ni tone lisilofika milimita moja kwa upana, dogo kuliko punje ya ulezi. Jaribu kudondosha matone ya namna hiyo, yote sawasawa, kwenye mashine ambayo kila baada ya sekunde chache inaleta taa nyingine. Haiwezekani kwa uhakika. Ilibidi watu waache kuibeba zebaki ikiwa kimiminika.

Kanuni ya suluhisho lao wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kanda hii ya kati wanaijua kwa mikono yao. Nenda Sekenke huko Iramba, mkoani Singida, eneo ambalo Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchimbaji humimina zebaki kwenye mchanga uliosagwa, zebaki hukumbatia chembe za dhahabu, na kinachopatikana ni donge jeupe, mchanganyiko wa metali mbili. Donge hilo likiwekwa motoni, zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Metali moja imeishika zebaki, moto umeiachisha.

Viwanda vya taa vilichukua jambo hilohilo ila kwa shabaha ya kinyume: kinachotakiwa ni ule mvuke, na metali inayobaki haina kazi tena. Badala ya dhahabu hutumika titani. Titani ikiungana na zebaki huishika kwa nguvu sana, kiasi kwamba chini ya nyuzi 500 hivi haiachii kitu. Unga wa mchanganyiko huo hushindiliwa kwenye utepe mwembamba wa chuma, na utepe huo hufungwa kuzunguka uzi wa tangsteni tangu mwanzo, kabla ncha hazijazibwa. Taa hupitia tanuri, hupitia pampu, hutiwa agoni, kijibomba hukatwa kwa moto, na muda wote huo zebaki imetulia ndani ya kifungo chake. Mlango ukishafungwa ndipo hufunguliwa.

Hufunguliwaje kama mlango umefungwa? Kwa nje huletwa koili ya waya yenye umeme unaogeuka mwelekeo maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo hakipati moto. Utepe wa chuma ulio ndani hupitisha, nao huwaka mwekundu hadi nyuzi 800 au 900 ndani ya sekunde chache. Titani inashindwa kushikilia, zebaki inatoka na kusambaa ndani ya bomba lililokwisha kufungwa. Ni kanuni ileile ya majiko ya umeme yanayochemsha sufuria huku kioo cha juu hakijaungua.

Njia nyingine, ambayo kwangu ni nzuri kwa unyofu wake, ni kuifunga zebaki kwenye kichupa kidogo mno cha kioo na kukizungushia waya. Taa ikishazibwa, koili ya nje huupasha moto waya, waya hukikata kichupa, zebaki humwagika. Chupa ndani ya chupa.

Kwenye zile taa fupi zilizopindwa tulizoziita enaji seva, tatizo lilikuwa jingine. Zinapata joto sana kwa udogo wao, na zebaki huru kwenye joto hilo hutoa mvuke kupita kiasi, mwanga ukafifia. Nyingi zikawekewa kijidonge cha zebaki iliyochanganywa na metali kama bismuthi na indi, ambacho hupunguza mvuke na kuushika karibu na kiwango kinachofaa. Kama uliwahi kuwasha enaji seva usiku ikaanza kwa mwanga hafifu, kisha ndani ya dakika moja ikachangamka, huenda ulikuwa unakisubiri kijidonge hicho kipate joto.

Zile taa za barabarani za rangi ya dhahabu, kabla LED hazijaenea, zilitumia sodiamu, na sodiamu ni mkorofi kuliko zebaki. Ikikutana na unyevu wa hewa hubadilika papo hapo, kwa hiyo huchanganywa na zebaki kuwa donge na kuingizwa ndani ya sanduku lililofungwa lenye gesi kavu. Ikipata moto hukila kioo cha kawaida. Taa hizo zilisubiri hadi miaka ya 1960, baada ya kupatikana kauri ya alumina inayopitisha mwanga. Ncha zake huzibwa kwa niobi, metali inayotanuka kwa moto karibu sawa na kauri ile, hivyo kiungo hakipasuki taa inapopoa. Wakati wa kuziba ncha ya mwisho kwenye moto mkali, ncha yenye donge hulazimika kukaa penye ubaridi. Ikipata moto, kilichomo huruka kabla mlango haujafungwa.

Taa za mbele za magari za aina ya zenoni zina kitendawili changu ninachokipenda. Gesi ndani yake inatakiwa iwe na kanieneo kubwa kuliko hewa ya nje, wakati kioo huzibwa kikiwa laini kama ugali wa moto. Ukiisukuma gesi ndani kwa nguvu, kioo laini kitatutumka na kupasuka. Basi kichupa kinapoozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zenoni huganda kwenye nyuzi 112 chini ya sifuri, kwa hiyo ndani ya kichupa inakuwa barafu tu, haisukumi chochote. Kioo kinazibwa kwa utulivu. Kikirudi kwenye joto la kawaida, barafu inakuwa gesi na kanieneo inapanda yenyewe, mlango ukiwa umeshafungwa.

Niseme pia lile ambalo fundi alitaka kulisema alipowaonya wanafunzi. Tyubulaiti ikivunjika darasani au nyumbani, fungueni madirisha, watoto watoke, subirini angalau dakika 10. Msifagie, maana ufagio hutawanya vitone; kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, futeni kwa kitambaa kibichi, mfunge vyote kwenye chombo chenye kifuniko. Na wenzetu wanaochoma donge la dhahabu wazi, tena karibu na jiko la familia, wanavuta kwa siku moja zebaki nyingi kuliko inayotoka kwenye taa kadhaa. Hilo linaniuma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji wa tyubulaiti na biashara yake kati ya nchi na nchi vikome kufikia mwisho wa 2027. Ufundi wote huu wa kuficha zebaki kwenye titani unakaribia kuwa historia.

Nilipomaliza kuyapanga haya nilimtafuta yule binti, na fundi naye alikuwa amerudi kwa kazi nyingine. Nilimwomba testa yake, bisibisi ile yenye mpini unaopitisha mwanga. Ndani ya mpini mna taa ndogo ya neoni, ndugu wa tyubulaiti, isiyo na kofia ya kuficha kitu. Nikampa binti aiangalie dhidi ya dirisha.

Aliizungusha taratibu. "Kuna kincha hapa juu, mwalimu. Kama kioo kimevutwa kikakatika."

Fundi aliichukua, akaisogeza karibu na macho yake. Miaka yote ameibeba mfukoni.