Dozi ndogo ya dawa ya tezi: kwa nini tunakudai karatasi ya daktari

Tangu Mei, mwezi ambao tarehe 25 huadhimishwa Siku ya Tezi ya Thairoidi Duniani, dirisha la dawa ninakohudumu hapa Malindi limekuwa likipokea lalamiko moja kila mara. Mtu anakuja na jina la dawa kwenye simu, levothairoksini ya mikrogramu 25, yaani homoni ya tezi ya shingoni anayopewa mtu ambaye tezi yake ni dhaifu, anaombwa karatasi ya daktari, hana, anaondoka amekasirika. Wako wanaosema tunawazungusha. Wako wanaosema kuna kemisti mtaani inayowauzia bila kuulizwa lolote, kwa hivyo wakaidi ni sisi. Kama mfamasia, nimeona ni haki yao waelezwe.

Hoja tunayoisikia zaidi ni hii: "Lakini si dozi ndogo tu?" Ndogo ni kweli. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500. Kidonge hiki kina mikrogramu 25, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000, kwa hiyo dawa iliyomo kwenye parasetamoli moja ni mara 20,000 ya iliyomo humu. Lakini tezi yenye afya nayo hutoa takriban mikrogramu 80 hadi 100 tu za homoni hii kwa siku nzima. Mikrogramu 25, basi, ni kama robo ya kazi yote ya tezi yako. Ukikosea kidonge kimoja cha parasetamoli mwili unavumilia. Ukikosea kipimo cha homoni hii kila siku kwa miezi miwili, moyo ndio unaolipa.

Hivi majuzi alikuja mama mmoja wa mtaa wa Muyeye, amefuatana na bintiye. Mikono inatetemeka, usingizi hapati, moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Alikuwa ameandikiwa 25, na kwa maneno yake alikuwa anameza 25. Nikamwomba anionyeshe dawa. Akatoa kwenye pochi kipande cha vidonge vinne kilichokatwa kwa mkasi, kama vinavyokatwa vidonge kwenye maduka mengi, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya maandishi. Kilichobaki kusomeka ni 25. Kipande cha pili, kilichokatwa upande mwingine, kilikuwa na namba nzima: 125. Alikuwa akimeza mara tano ya alichoandikiwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikuonekana kwenye kipande chochote. Tafadhali, dawa hii usikubali kukatiwa. Chukua paketi yake, na usome namba na neno linalofuata namba. Ukiona imeandikwa miligramu 0.025, hiyo ni sawa na mikrogramu 25. Ukiona 0.25, usimeze, rudi ulikopewa.

Wengi wanaoandikiwa dozi ndogo ni wazee na wenye shida ya moyo. Hao daktari huwaanzia mikrogramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, au 25 yenyewe, kisha hupanda polepole. Kijana asiye na maradhi mengine huenda akaanzia juu zaidi, kwa sababu dozi kamili hukadiriwa kwa uzito, karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Ndiyo maana kumpa mama yako vidonge vya shemeji yako si kumsaidia. Na si kila TSH, yaani kipimo cha damu kinachopanda tezi inapodhoofika, ikipanda kidogo huandikiwa dawa. Mara nyingi ikiwa haijafika 10 na homoni yenyewe iko sawa, daktari husubiri na kupima tena baada ya miezi miwili au mitatu.

Hapo pia ndipo ilipo sababu ya kuandikiwa dawa ya wiki sita au nane badala ya mwaka mzima, jambo linalolalamikiwa kana kwamba tunatafuta pesa za kliniki. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake hutoka kwa takriban siku saba. Kila dozi inapobadilishwa, damu haionyeshi ukweli mpaka wiki sita hadi nane zipite. Ukipima baada ya siku kumi utapata namba isiyokusaidia, na utakuwa umelipia. Dozi ikishatulia, kipimo hufanywa kila miezi sita na baadaye hata mara moja kwa mwaka, na karatasi ya muda mrefu inawezekana. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla ya kutolewa damu na umwambie mtu wa maabara, kwa kuwa hupotosha majibu.

Sasa karatasi yenyewe. Tunaangalia jina kamili la mgonjwa na umri wake, tarehe, jina la dawa, nguvu yake kwa mikrogramu, namna ya kumeza, ni ya siku ngapi, kisha jina, sahihi na namba ya usajili ya aliyeandika, pamoja na muhuri wa kituo. Aliyeandika anaweza kuwa daktari au afisa wa kliniki, mradi amesajiliwa Kenya. Karatasi isiyosema irudiwe tunaitolea dawa mara moja tu. Ikisema irudiwe, lazima iseme mara ngapi na kila baada ya muda gani, nasi hugonga muhuri wa tarehe nyuma yake kila tunapotoa dawa, kwa hivyo usiitupe na usiifue ndani ya mfuko wa suruali. Picha ya karatasi iliyotumwa kwa WhatsApp hatuipokei dirishani kwetu, kwa sababu picha moja inaweza kuzunguka maduka manne kwa siku moja. Namba iliyofutwa na kuandikwa juu yake hatuipokei pia, hata kama aliyeifuta ni daktari mwenyewe, mpaka atie sahihi kando ya alichosahihisha.

Wanaobadilisha tarehe au kuongeza tarakimu wajue wanachofanya. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Kwa upande wa muuzaji, Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka duka liwe limesajiliwa, leseni ihuishwe kila mwaka, na msimamizi awe mfamasia au mteknolojia wa dawa aliyesajiliwa. Asiyetimiza hayo anaweza kufungiwa duka, dawa zikatwaliwa, naye akafikishwa mahakamani. Aliyesajiliwa akiuza kinyume cha sheria, Bodi ya Famasia na Sumu inaweza kumchukulia hatua hadi kumwondoa kwenye kazi hii. Kemisti inayokuuzia bila kuuliza haikuhurumii. Inacheza na leseni yake kwa moyo wako.

Kuna jambo ambalo nitalisema bila kuzunguka, maana huja kila msimu wa harusi. Dawa hii si ya kukata mwili. Mtu ambaye tezi yake ni nzima akiimeza ili apungue, kwa dozi ndogo hapungui, na kwa dozi kubwa anajitafutia moyo kupiga bila mpangilio na mifupa kudhoofika. Hatutaitoa kwa ajili hiyo, hata bibi harusi akija na ukoo mzima.

Malindi ina jambo lake la pekee, nalo ni dawa zinazoletwa na wageni wetu na wakazi Waitaliano. Wengi wao hutumia dawa hii, na kwao huitwa Eutirox. Anapoondoka, humwachia mfanyakazi wake au jirani paketi iliyobaki, kwa nia njema kabisa. Dawa iliyomo ni ileile levothairoksini, lakini paketi zina nguvu nyingi tofauti, kuanzia 25 hadi 200, na maelezo yote yako kwa Kiitaliano. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye ilikaa wapi. Dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu, na nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25. Nyumba yenye mabati mwezi wa Machi hapa kwetu huzidi hapo kuanzia asubuhi. Hata dawa uliyonunua mwenyewe usiiweke karibu na jiko, wala kwenye gari, wala usiitoe kwenye paketi yake ukaitia kwenye kichupa. Na mwenye karatasi ya daktari wa Italia aende nayo kwa daktari wa hapa akaandikiwe upya. Haichukui muda.

Kuhusu kumeza: asubuhi kwa maji matupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai na mahamri. Chai ya maziwa na kahawa hupunguza dawa inayoingia mwilini. Mwezi wa Ramadhani wengi huacha, na hakuna haja ya kuacha. Amka mapema kidogo, meza, usubiri, ndipo ule daku. Au umeze wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Chagua njia moja na uifuate mwezi mzima. Ukisahau siku moja, kesho usimeze viwili.

Wajawazito nawaomba wasome hapa mara mbili. Mimba ikiingia, mahitaji ya homoni hii hupanda, mara nyingi kwa robo au theluthi, na mtoto anaitegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Usiache dawa kwa kuogopa kumdhuru. Nenda kliniki mara tu unapojua una mimba, useme unatumia dawa ya tezi. Vile vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa vimezwe saa nne au zaidi baada ya dawa ya tezi, kwa sababu madini ya chuma huizuia. Kalsiamu na dawa za asidi ya tumbo ni vivyo hivyo.

Wengine huniambia sisi watu wa pwani tunakula samaki, na chumvi inatoka hapo Gongoni na Marereni, tezi itatupataje. Chumvi inayopakiwa kuuzwa huongezwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria. Ile ya kuokota shambani haijaongezwa. Lakini hata anayekula chumvi iliyo sawa anaweza kupata tezi dhaifu, kwa sababu mara nyingi ni kinga ya mwili inayoishambulia tezi yenyewe. Chumvi haiondoi hilo, na kuzidisha madini ya joto kunaweza kuharibu zaidi.

Dawa ikikosekana dirishani kwetu, tutakuandikia nyuma ya karatasi kwamba haikupatikana, ili ukanunue kwenye duka lililosajiliwa. Cheti cha usajili hutakiwa kubandikwa mahali unapoweza kukisoma, na una haki ya kukitazama kabla ya kulipa. Ukiuziwa dawa hii bila karatasi, au ukikatiwa kipande kisicho na tarehe, toa taarifa kwa mfamasia wa kaunti ndogo. Njoo na kipande hicho na risiti. Bila hivyo viwili, hatuna cha kuwapelekea wakaguzi.