Je, fedha taslimu kwa waathirika wa ukame na vita huishia kwenye pombe?

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba aliyekimbia ukame au vita apewe unga na mafuta, wala si fedha taslimu, kwa kuwa fedha zitaishia kwenye pombe na sigara. Hofu hiyo inaeleweka, maana hutokana na nia ya kuulinda msaada. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zimeonyesha mara kwa mara kwamba matumizi ya pombe na tumbaku kwa kawaida hayaongezeki. Sehemu kubwa ya fedha hununua chakula na dawa, au hulipa madeni na ada za shule. Mama aliyepewa gunia la mahindi huku mwanawe akiharisha hulazimika kuuza sehemu yake kwa bei ya kutupa ili apate dawa, na hasara hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ufujaji wenyewe. Ni kweli kwamba pale masoko yalipovunjika au bidhaa zilipoadimika, chakula chenyewe hufaa zaidi. Anayetaka kujihakikishia asome ripoti za ufuatiliaji zinazoandikwa baada ya mgao, aangalie kama kaya zilizopata fedha zililinganishwa na zile zisizopata, na kama wapokeaji wenyewe waliulizwa.