Omakase: kumwachia mpishi wa sushi akuchagulie

Ukiketi katika mgahawa wa hali ya juu wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki, na usiletewe menyu, usidhani umesahauliwa. Huenda hapo wanahudumia omakase tu, yaani mteja haagizi: anamwachia mpishi aamue ale nini, kwa mpangilio upi, na kimoja baada ya kingine kifuatane kwa kasi gani. Kwa kawaida bei hujulikana tangu unapoweka nafasi. Kitakachopakuliwa mara nyingi hakijulikani, kwa kuwa kinategemea samaki waliopatikana sokoni siku hiyo.

Wengi huichukulia omakase kuwa jina tu la mlo ghali. Ghali ni kweli, lakini kiini chake ni ile kaunta. Wateja wachache hukaa mbele ya mpishi, naye hufinyanga tonge moja, anakuwekea, unakula, ndipo anashika jingine. Mtindo wa kuletewa sinia lililojaa sushi na kulila taratibu huku mnapiga soga haupo hapa.

Sababu ni wali. Wali wa sushi, wenyewe huuita shari, hukolezwa siki na chumvi, pengine na sukari, na hutakiwa uliwe ukiwa na uvuguvugu unaokaribia joto la mwili. Mpishi hulibana tonge kwa vidole kiasi cha kushikamana tu, ili ndani ibaki hewa. Litazame likishatua kwenye sahani: kwa mpishi hodari utaliona likididimia kidogo, kisha likifika mdomoni linaachana lenyewe. Ukitumia dakika tatu kutafuta pembe nzuri ya picha, wali unapoa, samaki anapoteza ubaridi wake, na ulichokilipia kimeshakupita. Iliyofungwa kwa mwani ndiyo haingoji kabisa, maana mwani ukinyonya unyevu hunywea na kuwa mgumu kutafuna.

Mpangilio nao una mantiki yake. Kwa kawaida huanza samaki weupe wenye ladha nyepesi, wakafuata wale wa ngozi ya fedha kama kohada, waliotiwa chumvi na siki. Jodari huja kwa ngazi: akami, ile nyama nyekundu isiyo na mafuta mengi, kisha chutoro, kisha otoro ya tumboni inayoyeyuka ulimini. Karibu na mwisho huja anago, mkunga wa baharini aliyechemshwa na kupakwa mchuzi mtamu, na kipande cha yai. Otoro ikitangulia, samaki mweupe atakayeifuata hutamsikia. Ile achari ya tangawizi iliyo pembeni ni ya kusafishia ulimi kati ya samaki na samaki. Kuiweka juu ya sushi ni kuifunika kazi ya mpishi.

Kuna dhana nyingine inayowapotosha watu, kwamba samaki bora ni yule aliyevuliwa leo. Sushi ya tonge tunayoijua leo ilishika kasi Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, katika miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha kibandani, cha kuliwa upesi, na majokofu hayakuwapo. Samaki alitiwa chumvi, akalowekwa kwenye siki au sosi ya soya, au akachemshwa ili asiharibike. Mbinu hizo zimedumu kwa sababu ya ladha yake. Hata jodari mkubwa hulazwa kwenye baridi siku kadhaa, nyama ilainike na utamu ukolee. Kwa hiyo mgahawa unaojisifu kwa neno "freshi" peke yake haunishawishi sana. Kuhusu minyoo ya samaki, kinga kuu ni kugandisha: mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani, kwa samaki wengi wanaoliwa wabichi, unataja nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7.

Kumwachia mpishi hakukuondolei wajibu. Kama una mzio, au kuna kitu huli, kiseme wakati wa kuweka nafasi, si kaunta ikishajaa na samaki ameshakatwa. Fika kwa wakati, kwa sababu mara nyingi wote huanza pamoja. Marashi makali yaache nyumbani. Kula kwa mkono ni ruhusa. Usikimbilie kuchovya: mara nyingi mpishi ameshampaka samaki sosi kwa brashi na kutia wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, chini yake. Ikibidi kuchovya, chovya upande wa samaki, kwani wali ukilowa sosi humomonyoka.

Siku hizi jina limesambaa hadi kwenye migahawa ambako kila mteja hupewa vipande vilevile, kwa mfuatano uleule, wiki nzima. Huo ni mlo uliopangwa, na unaweza kuwa mtamu sana, lakini mimi singeuita omakase. Mpishi anayeijua kazi anakusoma. Akiona unatumia mkono wa kushoto, anakugeuzia tonge likuelekee. Akiona unaanza kushiba, anapunguza wali. Hapa mgahawa mdogo wa mtaani, ambako mpishi anawajua wateja wake kwa sura, unaweza kuupita ule maarufu wenye foleni ya miezi.

Anayependa kujichagulia ana okonomi, ambapo unaagiza kipande kimoja kimoja upendavyo. Na hata kwenye omakase, mlo ukikamilika mpishi anaweza kukuuliza kama ungependa kuongezewa chochote. Nyongeza hiyo kwa kawaida haimo kwenye bei ya awali, kwa hiyo ulizia gharama kabla ya kuitikia.