Azores miezi ya baridi: yanayosemwa na yalivyo

Visiwa tisa vya Azores viko katikati ya Atlantiki, kama kilomita 1,400 magharibi mwa Ureno bara, nchi inayovitawala. Kati ya Novemba na Machi wageni hupungua, bei za vyumba na magari ya kukodi hushuka, na ndugu zetu wanaoishi Ulaya huanza kupiga hesabu: niende sasa au nisubiri Julai? Swali ni zuri. Kinachowapoteza wengi ni maneno ya kusikia.

Dhana: Utaganda kwa baridi.

Huko si Iceland. Bahari inayovizunguka visiwa hivi haipoi sana, kwa hiyo Ponta Delgada, mji mkuu wa kisiwa cha São Miguel, mwezi Januari huwa na joto la nyuzi 11 hadi 17 hivi. Theluji utaiona kwa mbali, kwenye kilele cha mlima Pico chenye mita 2,351. Kinachosumbua ni upepo na mvua, tena mvua isiyokaa: saa hii ukungu umelifunika ziwa huoni hata ukingo, baadaye kidogo jua linawaka, halafu manyunyu yanarudi. Beba koti lisilopitisha maji. Mwavuli utageuzwa na upepo kabla hujavuka barabara.

Dhana: Msimu wa bei nafuu ni mmoja Atlantiki nzima.

Visiwa vya Canary hujaa wakati huohuo wa baridi, maana ndiko Wazungu wanakoikimbilia. Madeira nayo hufurika mwisho wa Desemba kwa ajili ya fataki za Mwaka Mpya. Hata ndani ya Azores, kisiwa kidogo cha Corvo, chenye wakazi kama mia nne tu, hupokea wapenda ndege mwezi Oktoba. Wanafuata ndege wa porini kutoka Amerika waliosukumwa na dhoruba, na vitanda vya kulala wageni ni vichache.

Dhana: Ukishafika, utahama kisiwa hadi kisiwa upendavyo.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Wakati wa baridi usitegemee meli ikutoe São Miguel ikupeleke Terceira au Flores, utapanda ndege. Nyingi ni za pangaboi, Bombardier Q400, aina ileile inayojulikana sana Tanzania, na upepo ukikataa, hazitui. Bahari yenyewe si ya mzaha: Oktoba 2019 kimbunga Lorenzo kiliiharibu vibaya bandari ya Lajes das Flores. Safari ikifutwa kwa hali ya hewa, sheria ya Umoja wa Ulaya inalitaka shirika likupe chakula na malazi wakati unasubiri, lakini fidia ya fedha hupati.

Kwa maoni yangu, mwenye siku tano akae kisiwa kimoja. Mwenye siku kumi aongeze Faial na Pico, kwa sababu boti kati ya Horta, bandari ya Faial, na Madalena, bandari ya Pico, hufanya kazi mwaka mzima na huvuka kwa nusu saa hivi. Anayetaka Flores awe na siku za akiba, na asiunganishe ndege ya kutoka huko na ndege yake ya kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Dhana: Kila kitu kimelala.

Baadhi ya vitu, ndiyo. Nyangumi buluu hupita majira ya kuchipua, na boti za kuwatazama hutoka kwa shida Januari. Kama ndio wanaokupeleka, subiri Aprili. Zile kuta za maua ya haidrenjia unazoziona kwenye picha ni za kiangazi.

Ila Furnas, kijiji cha São Miguel chenye ziwa na chemchemi za maji moto, mimi nakipenda zaidi wakati wa baridi. Asubuhi na mapema masufuria hushushwa kwenye mashimo kando ya ziwa, hufunikwa kwa udongo, na joto la volkano huyapika kwa saa sita hivi. Karibu na adhuhuri huvutwa juu yakifuka mvuke: nyama ya ng'ombe, kuku, kabichi, karoti, na magimbi yaliyolainika. Nguruwe na soseji ya damu navyo vimo, kwa hiyo asiyekula aulize mapema. Jirani, katika bustani ya Terra Nostra, kuna bwawa la maji moto ya rangi ya kutu kwa wingi wa chuma. Vaa nguo ya kuogelea ya zamani, maana itabaki na madoa. Mvua inakunyeshea kichwani, mwili wote uko kwenye joto, na huna haraka ya kutoka.