Skani ya PET hailishi saratani

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa kuna ujumbe unaorudi kila mara: ukatae skani ya PET, yaani kipimo cha picha kinachosaidia kuona saratani ilipo mwilini, kwani mgonjwa hudungwa sukari inayonenepesha saratani. Si kweli.

Kinachodungwa ni aina ya sukari iliyofungwa florini-18, yenye mionzi. Uzito wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya gramu. Kijiko cha sukari unachokoroga chaini ni kingi mno kando yake. Seli huimeza lakini haziwezi kuigeuza chakula. Hunasa humo, na mashine huona ilipo. Mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110 hivi.

Mkanganyiko naufahamu. Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa pupa, na mgonjwa huambiwa asile saa kadhaa kabla ya kipimo. Kumbe ni ili sukari iliyo damuni isishindane na ile ya sindano. Wala si saratani tu inayovuta sukari hiyo: hata ubongo wenye afya hung'aa pichani, na kifua kikuu pia.

Ukiwa na shaka, muulize daktari anayesimamia kipimo ni sukari kiasi gani imo sindanoni. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze: huenda ukamfikia mama anayesubiri kipimo hicho, na hofu tayari anayo.