Kabla ya Kutuma Maoni Kuhusu Rasimu ya Mwongozo wa Matibabu

Kila mara idara yetu inapotoa rasimu ya mwongozo wa matibabu kwa ushiriki wa umma, lalamiko la kwanza huwa kwamba tumetumia lugha ya amri, kana kwamba madaktari ni makuruta. Tunaombwa tulegeze, tuongeze "ikiwezekana" na "inapofaa". Kwa heshima zote, hayo ndiyo maneno tunayokesha tukiyafuta.

Chukua kuhara kwa watoto. "Zinki inaweza kutumika inapofaa" haimsaidii muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku Kayole, Nairobi. Mtoto yupi? Kiasi gani? Hadi lini? Pendekezo lililokamilika husema: mtoto anayehara apewe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini) na zinki, miligramu 20 mara moja kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, na asiachishwe zinki hata kuhara kukikoma. Kwenye idadi ya siku ndipo penye mvutano. Shirika la Afya Duniani linasema 10 hadi 14. Jopo linaloandika mwongozo likinakili hivyo hivyo, kituo kimoja kitatoa dozi ya siku 10 na cha jirani ya 14, kisha mzazi aamini kuna mahali dawa imeibwa. Jopo lichague moja. (Wanajopo hawapendi kuchagua, vikao hurefuka kwa sababu hiyo.)

Kuna pia nguvu ya pendekezo. Katika GRADE, mfumo wa kupima ubora wa ushahidi na nguvu ya mapendekezo, ushahidi huwekwa katika ngazi 4, kuanzia wa juu hadi wa chini sana, na pendekezo huwa thabiti au la masharti. La masharti maana yake ni kwamba wagonjwa wenye taarifa kamili wanaweza kuamua tofauti, hivyo daktari akae na mgonjwa waamue pamoja. Haimaanishi kwamba mgonjwa anafanyiwa majaribio, kama wengine wanavyodhani. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Tena, mwongozo si sheria. Daktari anaweza kutoufuata kwa mgonjwa fulani, ila tunatarajia aandike sababu kwenye faili. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake. Usiporidhika na daktari, andikia Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno: taja hospitali, tarehe na kilichotendeka, uambatishe nakala za stakabadhi. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao. Barua ikipelekwa kusiko huchelewa. Lalamiko likithibitishwa, adhabu yaweza kuwa onyo, kusimamishwa kwa leseni au kufutwa kwenye sajili. Kumrekodi daktari kwa simu na kumwanika mtandaoni hakuanzishi kesi yoyote ya nidhamu.

Kwa walio na maoni kuhusu rasimu: taja nambari ya pendekezo na ukurasa, kisha uandike sentensi unayotaka iwekwe badala yake. Maoni ya "Mwongozo huu haufai" tutayapokea, lakini jopo halitakuwa na la kurekebisha.