Usimamizi wa ubora katika usalama kazini na mazingira

Muuguzi akijichoma kwa sindano iliyokwisha kutumika, swali la kwanza kwa kawaida ni nani kazembea. Usimamizi wa ubora huuliza ni hatua gani ya kazi iliyoiachia ajali nafasi. Kwa mtazamo huo, jeraha ni kasoro ya kazi kama ilivyo bidhaa mbovu, na taka zilizotupwa pasipo pake vilevile.

Mbinu nyingi zilikomaa viwandani Japani. Huko Toyota, tatizo huulizwa "kwa nini" hata mara tano. Tuijaribu wodini. Kwa nini kachomwa? Sindano ilichomoza kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Kwa nini? Boksi lilijaa pomoni, na linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Kwa nini halikubadilishwa? Zamu ya usiku ilidhani ni kazi ya asubuhi, ya asubuhi ikadhani ni ya usiku. Sasa hapo barua ya onyo itasaidia nini? Pigeni mstari kwenye robo tatu, andikeni mhusika wa kila zamu, wekeni maboksi matupu karibu. Baada ya mwezi hesabuni waliochomwa. Kama hali ni ileile, rudini kwenye swali. Ndio mzunguko wa kupanga, kutekeleza, kukagua na kurekebisha, na ndio uti wa mgongo wa viwango vya ISO, Shirika la Kimataifa la Viwango: 9001 vya ubora, 14001 vya mazingira na 45001 vya usalama.

Tanzania ilianza na 5S, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007 katika Hospitali ya Rufaa Mbeya, kwa msaada wa Japani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mabango ukutani hubandikwa kwa siku moja.

Faida ya mazingira hutoka humohumo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida. Zikichanganywa na zile hatarishi, zote huwa hatarishi, na tanuru huchoma maboksi ya karatasi na chupa za maji kwa mafuta yanayopotea bure, moshi juu.

Idadi ya waliochomwa ikipanda miezi ya mwanzo, msikimbilie kusema mpango umeshindwa. Huenda watu wameacha kuficha, na anayeripoti mapema huwahi dawa za kinga ya VVU, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72.